Kimbunga Hidaya kwenye runinga na redio: uzoefu wangu nikiwa Makambako

Nauza viazi mviringo kwa jumla hapa Makambako. Mzigo wangu mwingi unashukia Songea, Tunduru, Masasi mpaka Mtwara, kwa hiyo Mei 2024, Hidaya ikiwa bado baharini, niliifuatilia kuliko wengi wa huku kwenye baridi. Nilikuwa na runinga moja ya Dar es Salaam na redio moja ya FM ya ukanda wetu. Majina nayaacha.

Runinga kwanza. Siku za mwanzo walijitahidi, tena sana. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) zilisomwa zikiwa bado mbichi, umbali wa kimbunga kutoka pwani ya Mtwara ukatajwa, na kusimama kwa boti za Zanzibar tulikujua mapema. Walichoharibu ni picha. Mtangazaji anasema tunaiona hali ya Mafia, kwenye kioo minazi inapinda, na nyuma kuna bango la duka la Kireno. Kireno, Mafia! Hata kuandika kona ya juu kwamba ni picha za zamani walishindwa. Mtu mwenye ndugu kisiwani anajisikiaje hapo? Halafu TMA wana ngazi zao, angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, ila kwa msomaji yule zote zilikuwa habari moja, sauti moja.

Usiku wa tarehe 4 TMA wakatangaza kwamba Hidaya imefika Mafia na kuishiwa nguvu. Runinga nayo ikaishiwa. Kesho yake mpira, kama kawaida. Kumbe mvua ndiyo kwanza inafanya kazi: maji yalivunja barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga, na Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, Innocent Bashungwa, akaenda kupiga kambi huko huko. Sisi tuliona kwa macho, mabasi ya Mtwara yakikunja kushoto hapa njia panda kuelekea Njombe, yanazunguka kwa Songea.

Hapo redio ya kwetu ndipo ilipoanza kuitendea haki betri yangu. Dada wa kipindi cha asubuhi alifungua simu kwa madereva. Mmoja akapiga: "Dada, Tunduru huku hakupitiki." Wengine wangeirusha hivyo hivyo. Yeye akambana: "Wewe uko wapi sasa hivi? Umepaona mwenyewe au umeambiwa?" Jamaa akacheka, akakiri yuko Namtumbo, kaambiwa na mwenzake. Dada akamshukuru, akasema suala la Tunduru tusilibebe kwanza, akamtafuta dereva aliyekuwa Tunduru kweli. Njia ilikuwa inapitika. Na kila akirudia taarifa alitaja saa iliyoingia. Kwa mtu mwenye fuso limeshapakia viazi, na viazi vikilowa havikusubiri, hiyo ni huduma.

Si kwamba hawana kasoro. Matangazo ya mbolea yanaingia mtu akiwa katikati ya sentensi, na mchambuzi wao mmoja aliongea muda mrefu kuhusu mabadiliko ya tabianchi bila kutaja barabara hata moja.

Runinga naipa nyota mbili kwa tano. Ningeongeza, ila nakumbuka Itezi pale Mbeya, Aprili 14 mwaka huo huo, Mlima Kawetere ulipoporomoka na tope likafukia nyumba za watu. Sikuona ramani wala mwandishi wa kukesha, na pale wala hakukuwa na bahari ya kuvuka. Redio naipa nne. Ya tano wataipata wakitatua masafa: ukishuka Lukumburu tu inakatika, na dereva wangu anaihitaji zaidi akiwa huko kuliko mimi niliyekaa ghalani.