Kituo chetu cha afya: mjamzito nyota nne, mzee wa presha nyota moja

Wadau, leo nawapa rivyuu ya kituo cha afya cha serikali huku kwetu Pwani. Jina naliacha, watumishi wenyewe ni majirani tunakutana gengeni.

Naanza na mama na mtoto maana hapo wamejitahidi aisee. Shemeji yangu kajifungulia pale, kapokelewa vizuri, nesi anamuuliza kama amekula, hakuna cha kutumwa glovu dukani. Kliniki nako hivyohivyo, ile dawa ya kuzuia malaria unameza palepale nesi anakuangalia, kikombe cha maji wanakupa wenyewe, na hujamaliza kumeza ameshajaza kitabu cha MTUHA, ile rejista ya taarifa za huduma za afya. Ukiruka hudhurio unashangaa mhudumu wa jamii huyo mlangoni anakuulizia.

Sasa nenda wagonjwa wa nje uone. Bimkubwa ana presha, anakaa foleni toka saa moja, dokta anatokea saa nne, hainui kichwa, "unaumwa nini", anaandika, haya mwingine. Dawa dirishani hamna, kanunue ng'ambo ya barabara. Dirisha la wazee lipo, limeandikwa kwa rangi nzuri tu, ndani hamna mtu. Kilichonichosha zaidi ni kadi yake, mahudhurio matatu mfululizo imeandikwa 120/80, yaani presha ya kawaida, wakati duka la dawa siku hiyohiyo wamempima kakutwa 170 kwa 100. Kuuliza, naambiwa mashine haina betri. Sasa hiyo 120/80 mliitoa wapi jamani?

Mimi naona watu wanafanya kile kinachohesabiwa. Huku Pwani ndiko yalikofanyika majaribio ya malipo kwa ufanisi, P4P, kuanzia 2011 kwa hela za Norway, kila miezi sita kituo kikifikisha malengo watumishi wanapata bonasi, na malengo mengi yalikuwa ya uzazi na watoto. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao wa London walipolinganisha na wilaya ambazo mpango haukuwepo, wakakuta kujifungulia vituoni kumepanda kwa kama pointi 8 za asilimia, na wajawazito wanaopata dozi mbili za kinga ya malaria kwa kama 10. Lakini huduma zisizokuwa na bonasi hazikupanda, kwenye zahanati wagonjwa wa nje hata walipungua. Rwanda nao walilipa kwa matokeo kuanzia 2006, kujifungulia vituoni kukapanda kweli, ila wajawazito kutimiza mahudhurio manne ya kliniki wapi, vilevile tu.

Bonasi za majaribio zilishaisha zamani ila naona mazoea yamebaki, na sio mabaya, shemeji ni shahidi.

Kuna jamaa ananiambia basi na presha iwekewe bonasi. Ndugu yangu, kwa kadi hizi za 120/80 si tutakuwa tunalipa hela kwa hadithi? Labda mkaguzi asiishie kwenye kitabu, aje nyumbani amuulize bimkubwa ulipimwa, ulipewa dawa gani, ulilipa shingapi. Hapo bonasi naikubali.

Halafu betri sio jambo la kusubiri mfadhili. Toka 2017/18 hela za mfuko wa pamoja wa afya (Health Basket Fund, sio bima) zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, hazipiti tena halmashauri, na kuna kamati ya usimamizi yenye wananchi ndani yake. Kwetu ubao wa matangazo una bango la kunawa mikono na tangazo la mkutano wa mwaka jana, mapato na matumizi hamna hata mstari, na wajumbe wa kamati nusu ya mtaa hawawajui ni kina nani.

Kwa hiyo mjamzito nenda bila wasiwasi, beba kadi yako tu. Mzee wa presha mpeleke, ila akitoka chumbani mwangalie mkono kama alifungwa kile kitambaa cha kupimia, na kama hakufungwa mrudishe ndani kabla hamjaenda dirishani, namba ya mganga mfawidhi imebandikwa mlango wa maabara.