The Ultimate Fighter: msimu gani ujaziwe kwenye flashi na upi uupotezee

Wakuu wa kusini, nimekaa na hii kitu muda mrefu sasa na nimeona niiandikie, maana vijana wengi hapa Mtwara mjini wananiuliza wajaziwe nini wakimaliza masizoni ya Kikorea na yale ya Kituruki. Jibu langu fupi, kama unapenda ngumi basi The Ultimate Fighter msimu wa kwanza ni lazima uwe nao, iliyobaki chagua kwa macho mawili. Usikubali kubebeshwa yote, imepita 30, utajaza flashi na makapi.

Kwa wasioijua, hili ni shindano la wapiganaji wa MMA, yaani ngumi, mateke, mieleka na makabali vyote humohumo, ndani ya kizimba cha waya chenye pembe nane. UFC, kampuni ya Marekani inayoandaa mapambano ya MMA, wanachukua vijana ambao hawajatoka kimaisha, wanawafungia kwenye jumba moja Las Vegas kama wiki sita hivi, simu hakuna, tivii hakuna, muziki hakuna, hata kitabu hakuna, halafu wanawagawa timu mbili chini ya makocha wawili ambao mara nyingi nao wana bifu lao na watapigana wenyewe msimu ukiisha. Karibu kila episodi inaishia na pambano. Atakayebaki wa mwisho anapewa mkataba wa UFC. Chukua Big Brother Africa, ile aliyoshinda Richard wetu 2007 na Idris 2014, toa mambo ya kupigiwa kura, weka kwamba ukitaka mwenzako atoke lazima umpige mwenyewe, ndio hii sasa.

Msimu wa kwanza ulianza kurushwa Januari 2005 Marekani. Ili uuelewe utamu wake ujue kwanza UFC walikuwa na hali gani, maana wale mabosi walikuwa wameinunua 2001 kwa dola milioni 2 tu na miaka yote hiyo ilikuwa inawala hela, hasara juu ya hasara, vituo vya tivii vinawakimbia vikiona ni mchezo wa wahuni, mpaka ikabidi gharama ya kutengeneza hii show, kama dola milioni 10, watoe mfukoni mwao wenyewe ndio wakubaliwe kuonyeshwa. Kwa hiyo unapoangalia unaona kabisa kila mtu humo ana njaa, kuanzia bosi Dana White mpaka kijana wa mwisho. Hakuna aliyekuja kutafuta ufolowa, hivyo vitu havikuwepo, na hata wenyewe hawakujua kama kuna mtu atakuja kuwaangalia.

Na hapo ndio hoja yangu ilipo, hii show ngumi zake ni nusu tu ya utamu, utamu wenyewe ni njaa ya washiriki. Njaa ikiwepo hata mtu akiwa anapika mayai jikoni unakaa unamwangalia. Ikiisha, hata pambano linakuwa zito.

Mfano mzuri ni yule Chris Leben. Jamaa analewa siku za mwanzo kabisa, anaenda kukojolea kitanda cha mwenzie, kesho anacheka. Siku nyingine ananuniwa na akina Josh Koscheck na Bobby Southworth, Southworth anamtolea tusi la kwamba hana baba, na ikatokea kweli jamaa hakulelewa na baba yake, akatoka nje analia akalala hukohuko, wenzake wakachukua mpira wa maji wakammwagia usingizini. Aisee alivyoamka! Alipasua dirisha na mlango kwa mkono. Dana akasema hamtapigana humu ndani, mnapigana kizimbani, wakawekwa Leben na Koscheck. Sasa sote tulitaka Leben ashinde, mtaa mzima, kumbe Koscheck ni mtu wa mieleka, kambeba kamlaza kamkalia mpaka mwisho, kwa pointi. Nilichukia kweli. Ila ndio mchezo wenyewe, haukupi unachotaka.

Kuna mzee mmoja jirani yangu, mtu wa ngumi wa zamani, huwa anakuja kukaa kibarazani tukiangalia. Siku hiyo kauliza, "Mwanangu, hawa wanapigana au wamepumzika?" Nikamwambia mzee hapo mmoja anatafuta kabali. Kanyamaza kidogo, akasema ngumi mtu anapigana amesimama, akishaanguka unahesabu. Nimejaribu kumuelewesha na sidhani kama nimefanikiwa, ila siku alipoona mtu kapigwa roba ya nyuma akaomba poo kwa kugonga mkono, akaniuliza inaingiaje ile, nikajua taratibu anakuja.

Kitu kingine ambacho huwezi kukiona kwenye mapambano ya kawaida ya UFC ni kukata uzito. Hapa nitakaa kidogo. Kwenye pambano la kawaida wewe unaona tu mtu kapanda kwenye mizani kakunja misuli basi. Humu unaonyeshwa usiku wake ulivyokuwa, mtu anatakiwa awe kilo 77 na yuko juu, kavaa mavazi ya kutoa jasho, anaingizwa sauna, anatoka amelegea anabebwa, anaomba hata barafu aweke mdomoni kocha anamkatalia. Na kumbuka ndani ya hizo wiki sita mtu akifika mbali anaweza kurudia hilo zoezi mara kadhaa. Vijana wetu wa gym za mtaani hapa, wale wa vyuma vya makopo yaliyojazwa simenti, wanadhani kazi ni kifua na mikono, wangeangalia hizi episodi wangejua kazi iko wapi. Mapambano ya ndani ya nyumba nayo ni raundi mbili za dakika tano, majaji wakigongana inaongezwa ya tatu, na hayaingii kwenye rekodi rasmi ya mpiganaji, yanahesabika kama ya maonyesho. Yaani unaumia bure hivi, mpaka ufike fainali.

Fainali ya msimu wa kwanza, Aprili 9, 2005, Forrest Griffin na Stephan Bonnar, sitaki kuisimulia sana maana nitaharibu. Ni raundi tatu za watu wawili ambao wamesahau kujikinga. Kimbinu sio pambano zuri, mzee wangu jirani alisema hawa hawana ulinzi kabisa, na ni kweli, ila hakuna aliyenyanyuka kwenda hata msalani. Griffin kashinda kwa pointi na Dana akaamua wote wawili wapewe mkataba. Griffin mwaka 2008 akaja kumpiga Rampage Jackson akachukua mkanda. Bonnar amefariki Desemba 2022, Mungu ampumzishe. Na ile UFC ya dola milioni 2 ikaja kuuzwa 2016 kwa karibu dola bilioni 4, na wenyewe wanakiri usiku ule ndio uliowaokoa.

Msimu wa 4 nao chukua. Huu waliwaleta watu ambao tayari walishapita UFC wakafeli, wanapewa nafasi ya pili, na mshindi anapigania mkanda moja kwa moja. Matt Serra, jamaa mfupi kajazia, kashinda, halafu Aprili 2007 akaenda kumtandika bingwa Georges St-Pierre kwa TKO ya raundi ya kwanza wakati hakuna mtu aliyempa hata asilimia tano. Ukijua mwisho wake ndio unauangalia vizuri zaidi huu msimu, maana unamwona mtu anachonga na kucheka mezani na wewe unajua kinachokuja.

Msimu wa 10, wa 2009, ni wa kucheka. Kimbo Slice yupo, yule wa video za ngumi za mtaani ambazo tulikuwa tunarushiana kwa bluetooth, wote tunasubiri aue mtu, kapangiwa Roy Nelson mwenye kitambi. Kitambi kikamlalia, ikawa imeisha hiyo! Na Nelson ndio kabeba msimu. Rampage alikuwa kocha, timu yake inapigwa kila siku mpaka akauvunja mlango kwa hasira. Kiufundi msimu mbovu, ila jioni ya wikiendi na washkaji unafaa.

Sasa msimu wa 21, wa 2015, hapa nina maneno. Waliachana na habari za Las Vegas wakashindanisha gym mbili za Florida, kwa pointi, ikawa kama ligi, utamu wa nyumbani ukapotea kabisa. Kama burudani naupa nne kwa kumi. Ila humo ndio alitoka Kamaru Usman, mtoto wa Nigeria, akamkaba Hayder Hassan kwenye fainali raundi ya pili, na mwaka 2019 akavaa mkanda wa dunia. Kwa sisi Waafrika kuangalia alikoanzia kuna raha yake, kwa hiyo angalia episodi zake yeye na fainali, nyingine ruka bila kujuta.

Dada yangu alikuwa hataki hata kusikia, anasema ni ukatili, mpaka nilipoweka msimu wa 18 wa mwaka 2013, wa kwanza kuwa na wanawake, makocha Ronda Rousey na Miesha Tate ambao walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Sasa hivi yeye ndio ananiuliza ile flashi iko wapi. Julianna Peña alishinda upande wa wanawake, na 2021 akaishangaza dunia nzima alipompiga bingwa Amanda Nunes, kamkaba mpaka kagonga. Hapo njaa ilirudi kidogo, kwa sababu wanawake ndio kwanza walikuwa wanafunguliwa mlango.

Baada ya hapo mi naona imeshuka. Vijana wanakuja wameshaangalia misimu yote, wanajua kamera inapenda nini, bifu zinakuwa za kutengeneza. Na UFC wenyewe tangu 2017 wana ile show nyingine ya Dana, unapigana usiku mmoja, ukimfurahisha bosi unapewa mkataba, sasa nani mwenye kipaji ataenda kufungiwa wiki sita? Kilichoniudhi kuliko vyote ni msimu wa 31 wa mwaka 2023, Conor McGregor na Michael Chandler makocha, msimu mzima tunauziwa kwamba hawa watapigana, wanatunishiana, wanasukumana, halafu lile pambano limepangwa Juni 2024 McGregor akaumia kidole cha mguu likafutwa. Hata wangelipanga tena, msimu wenyewe ulishaliuza na kulila. Usinunue huo.

Tahadhari kwa wenye familia, matusi ni mengi mno na nyumba ile pombe haziishi. Usiweke sebuleni mama mkwe akiwepo, na kama mnajua Kiingereza wote ndio kabisa. Kama Kiingereza kinasumbua usiogope sana, hadithi unaifuata kwa macho, sura zinasema, ila ukipata mtu wa kukudokeza yale mahojiano ya pembeni utafaidi zaidi, maana humo ndio wanatoboa siri zao za maisha.

Kuhusu kuipata. Mapambano ya moja kwa moja ya UFC huku kwetu yanaangukia alfajiri ya Jumapili, na kukesha sio kila mtu anaweza, hivyo hii ya kuangalia kwa wakati wako ndio inatufaa. Kwa bando la simu usijaribu, msimu mmoja una episodi kama 12 au 13, utalia. Nenda maktaba za movie pale maeneo ya soko kuu, mi nilijaziwa msimu kwa buku mbili, mwingine jirani yake alitaka buku tano kisa ni msimu wa korosho na watu wana hela. Patana. Na kabla hujalipa fungua episodi ya kwanza, ya katikati na ya mwisho palepale dukani, mimi kijana alinijazia msimu wa 4 nusu yake ni wa 5, nilivyorudi akasema, "Bro si ni walewale tu." Sio walewale, kaka. Ila wa 5 wenyewe una Nate Diaz, aliyekuja kuwa staa, akiwa bado mtoto, kwa hiyo nikauacha.

Kwa alama zangu, wa kwanza tisa kwa kumi, wa 4 nane, wa 18 saba, wa 10 sita za kucheka. Kama kuna mtu Lindi au Masasi ana msimu wa 18 wenye sauti nzuri aniambie, huu wangu mdomo unatangulia maneno yanafuata na dada ameanza kunilaumu mimi.