Praat kwa kupima konsonanti: nilivyoumbuliwa na s

Nimekaa na Praat miezi kama saba hivi, napima konsonanti tu, irabu nimewaachia wenyewe. Ni programu ya bure ya kuchambua sauti za matamshi kwenye kompyuta, wameitengeneza Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Ukiifungua yanakuja madirisha mawili, la michoro mi hulifunga hata kabla hatujasalimiana.

Kwenye vipasuo, yaani konsonanti kama p na b ambazo hewa inazibwa kisha inaachiwa ghafla, sina neno aisee. Vuta karibu spektrogramu (picha ya masafa ya sauti kadiri muda unavyokwenda) ya "pata", unauona kabisa ukimya wa p, halafu kamstari kembamba ka wima pale midomo inapoachia, milisekunde chache mbele irabu inaanza. Buruta mausi toka kwenye mpasuko mpaka mtetemo wa kwanza wa irabu, muda huo ndo namba yako. Sasa weka "bata": chini kabisa kuna utepe mweusi KABLA ya mpasuko, maana b yetu nyuzi za sauti zinatetemeka midomo ikiwa bado imefungwa, ndo maana kipimo kinakuja na alama ya kutoa, usishtuke ukadhani umekosea.

Vikwamizo, zile konsonanti za kukwaruza hewa, ndo viliniumbua. Nilipima s ya "soka" na sh ya "shoka" kwa kile kipimo cha wastani wa masafa ya kelele, zikaja karibu sawa, nikajiona nimegundua kitu, hadi nikaanza kuiandika… kumbe nilitumia rekodi ya simu iliyopigwa, sampuli 8000 kwa sekunde, na kwa kuwa rekodi hubeba masafa mpaka nusu tu ya idadi hiyo, chochote cha juu ya Hz 4000 hakipo, yaani s ilishakatwa kichwa kabla sijaigusa! Nikarekodi upya kwa 44100, s ikapanda kupita Hz 6000, sh ikabaki kwenye 3000 na ushee. Hata hivyo usipogusa setingi picha inaishia Hz 5000, s unaiona kama kivuli tu, mi huipandisha mpaka 10000. Na feni ikiwa inazunguka chumbani inavuta wastani chini, kwa hiyo nachuja kwanza kila kilicho chini ya 500 ndo napima.

Nyota nne. Ya tano inangoja nimalizane na h, maana haina sura yake, inavaa ya irabu inayoifuata, ile ya "hili" na ile ya "huku" kwenye picha utasema ni sauti mbili tofauti, na mpaka leo sijui niweke mpaka wapi.