Core i7-2600K kwenye desktopu ya zamani: miezi minne ya kuipandisha spidi

Wadau, kwa wale wenye desktopu za zamani na hela ya mashine mpya hamna, leo naongelea hii Core i7-2600K, prosesa ya Intel ya mwaka 2011, nimekaa nayo miezi minne sasa na nimeiovaklok, yaani nimeipandisha spidi kuliko ya kiwandani, kutoka 3.4 GHz mpaka 4.4 na inapiga kazi kila siku.

Mimi naedit video za harusi na sendofu hapa Dar. Mashine yangu ilikuwa na i3-2100, kori mbili tu, video ya dakika ishirini inarenda (kutoa faili la mwisho baada ya kuedit) saa nzima na dakika arobaini, na umeme ukikatika dakika ya tisini unaanza upya huku bi harusi anapiga simu. Bahati ni kwamba mazabodi niliyonayo ni aina ya Z77, na hapo ndo pa kuangalia kabla hujatoa hela, maana mazabodi za H61 haziruhusu kupandisha multiplaya, ile namba inayozidishwa na klok ya msingi kupata spidi ya prosesa, na zile Dell na HP za ofisini zinazokuja mtumba kutoka Ulaya BIOS zake, yaani zile setingi za mashine kabla ya Windows kuwaka, hazina hata sehemu ya kubadilisha, kwa hiyo prosesa utaweka ila ovaklok sahau.

Kingine herufi K. Duka la kwanza Kariakoo nikaambiwa "hii ni 2600 kaka, ileile tu". Siyo ileile! Yenye K multiplaya yake imefunguliwa, isiyo na K unaisogeza kidogo tu inagota. Kifuniko chake kilikuwa na pesti ya kupitisha joto iliyokauka imeganda kama ukoko, nikaisugua kwa kidole gumba ndo nikasoma vizuri, K hakuna, nikamrudishia hapohapo. Duka la pili waliichomeka kwenye mashine mbele yangu, programu ya CPU-Z inayoonyesha jina la prosesa ikaandika 2600K, nikalipa 130,000 na roho nyeupe.

Kufunga siyo kazi ila tulia. Pini ziko kwenye soketi ya mazabodi, siyo kwenye prosesa, nyembamba kama nywele, ukiziangushia kitu zikipinda ndo basi tena. Nikainua kile kimkono cha chuma, nikalinganisha vile vipengo viwili vya pembeni, nikailaza bila kuibonyeza, halafu ukishusha mkono kuna mlio fulani wa kukwaruza utadhani umevunja kitu, usiogope ndo kawaida yake. Kusafisha nilitumia spiriti na pamba, pesti mpya tone la punje ya mchele pale katikati, inatosha kabisa.

Sasa sikilizeni hapa. Kabla sijagusa chochote kwenye BIOS, video ileile ya dakika ishirini imerenda kwa dakika 44. Kutoka dakika 100! Nilipopandisha multiplaya mpaka 44 na volteji 1.32 ikashuka mpaka dakika 36. Yaani kazi kubwa imefanywa na prosesa yenyewe, kori nne na thredi nane (kazi nane kwa wakati mmoja), ovaklok imeongezea dakika nane juu yake, na kwangu dakika nane kwa kila video ni nyingi ila usije ukanunua ukidhani ovaklok ndo itakayokutoa. BCLK, ile klok ya msingi, iacheni kwenye 100, kwenye hizi prosesa imefungamana na PCIe na SATA, njia za kadi na diski, ukiisogeza kidogo tu mashine nzima inayumba.

Joto ndo mtihani wenyewe. Kwa feni ndogo ya kawaida nilijaribu 4.2 nikawasha Prime95, programu ya kuitesa prosesa, dakika tano tu ikafika nyuzi 94, na hii prosesa ikikaribia 98 inajipunguza spidi yenyewe, kwa hiyo unapandisha huku inashuka. Nikatafuta hitsinki (chuma cha kupooza prosesa) ndefu ya mtumba yenye paipu nne za shaba, ikarudi kwenye 74 hata kwa 4.4. Nikatamani 4.6, ikala skrini ya bluu dakika ya kumi, nikarudi nilipotoka. Februari lile joto lilipozidi nilishusha mpaka 4.2 mchana, usiku narudisha.

Ubaya upo. Wati zake 95 ni kabla hujaipandisha, kwa hiyo yuniti za LUKU zinakimbia kuliko zamani, na pawa saplai ya hovyohovyo usiiamini hata kidogo. RAM ni DDR3. Windows 11 haiitambui rasmi, kwa Intel wanataka prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu, na Windows 10 sapoti yake ya kawaida iliisha Oktoba 2025, kwa hiyo mashine yangu nimeitoa kwenye intaneti, video naingiza kwa diski ya nje tu.

Kwa anayecheza gemu mpya sana au anayeedit 4K siwezi kumwambia anunue hii. Ila kwa video za HD kama zangu, kwa hela hiyo, naipa 8 kwa 10. Hapa ninapoandika kwenye simu, kompyuta inarenda harusi ya Jumamosi, iko nyuzi 71, imebakiza dakika kumi na mbili.