Kliniki ya koo niliyokwenda na kinyama kwenye kimio: nyota nne kati ya tano

Nimepika na kuuza chakula Mbagala miaka 12, na kazi hii ni ya kuonja. Mwezi wa pili, nikiwa naonja mchuzi wa samaki, nilihisi kitu kinanikwaruza huku nyuma kwenye kimio. Nikachukua kioo na tochi ya simu. Kilikuwa kinyama kidogo cha ukubwa wa punje ya mtama, cheupe, kimechanua vijidole vijidole kama undu wa jogoo. Hakiumi, hakitoi damu, lakini kila nikimeza nakisikia.

Duka la dawa walinipa vidonge vya amoxicillin mara mbili, wiki mbili tofauti, bila hata kuniambia nifungue mdomo. Kinyama kiko palepale. Jirani yangu, mtu mzima ninayemheshimu sana, akasema kimio kimeshuka na anamjua fundi wa kukikata. Nilikataa. Mtoto wa dada yangu alikatwa kimio hivyo hivyo, na damu aliyoitapika usiku ule siisahau. Ndipo mteja wangu mmoja akanielekeza kliniki binafsi ya masikio, pua na koo huko mjini.

Nianze na kilichoniudhi, maana nyota moja imekwenda na hicho. Mapokezi wanakuuliza shida yako kwa sauti, benchi zima linasikia. Siku ya majibu dada akaita, "Yule mama wa papiloma aje!" Papiloma ndilo jina la kinyama changu. Watu wakageuka. Na ukiambiwa saa mbili asubuhi, jiandae kuonwa saa nne.

Ila daktari, jamani. Alivaa taa kichwani, akakandamiza ulimi kwa kijiti, akaangalia muda mrefu bila haraka. Halafu akaninyunyizia ganzi puani, chungu kama shubiri, akapitisha kamera nyembamba hadi kooni. Kwenye kioo cha kompyuta tukaona wote watatu: mimi, yeye na mume wangu, Baba Nasra. Akanipapasa shingo pande zote mbili kutafuta uvimbe. Kinyama alikitoa siku hiyohiyo kwa ganzi, sikuhisi zaidi ya kuvutwa kidogo, akakitia kwenye kichupa kipelekwe maabara. Kumwona daktari, kamera, kukitoa na maabara, nililipa jumla ya shilingi 260,000. Kwangu ni faida ya wiki kadhaa. Sijutii.

Majibu yalitoka baada ya siku tisa: papiloma, si saratani. Akatuambia vinyama vya aina hii huhusishwa na kirusi cha HPV. Hapo moyo ulinilipuka, kwa sababu HPV naijua kwa jina moja tu, saratani ya mlango wa kizazi. Na Baba Nasra alikuwa pembeni, kofia mapajani, kimya.

Daktari aliuona ukimya ule. Akachukua karatasi, akachora utando wa kinywa tabaka juu ya tabaka, mimi nikaona chapati yangu niliyoikunja vizuri. Akasema kirusi hiki hakisafiri kwenye damu. Kinakaa kwenye ngozi na utando laini, na kinahama pale mwili unapogusana na mwili. Kufika kinywani, njia kubwa ni ngono ya mdomo. Busu la ndimi bado wataalamu wanalichunguza. Kikifika, juu ya utando hakina la kufanya. Kinasubiri mchubuko, hata ule usioonekana kwa macho, kishuke hadi tabaka la chini kabisa, lile linalozaa seli mpya. Seli zikipanda juu zinapanda nacho, zikibanduka zinatoka na virusi vingine.

Aina ziko zaidi ya 200. Aina ya 6 na ya 11 ndizo zinazohusishwa zaidi na vinyama kama changu. Ya kuogopwa kooni ni ya 16. Hiyo inapenda mafindofindo, haya tunayoyaita tonsesi, na shina la ulimi, kwa sababu pale kuna vishimo ambavyo utando wake ni mwembamba na una mianya. Miili mingi huving'oa virusi hivi yenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Visipong'oka, saratani inaweza kutokea baada ya miaka 20 au zaidi, na wanaoipata zaidi ni wanaume.

Kisha akamgeukia mume wangu. "Baba, kinaweza kukaa kimya miaka mingi. Hakuna kipimo kitakachosema nani alimpa nani, wala lini. Msitafute wa kumlaumu nyumbani." Baba Nasra akavuta pumzi, akauliza swali lake la kwanza tangu tuingie: na yeye aangaliwe? Daktari akamwangalia palepale, bila kumtoza. Akamweleza kwamba kwa koo hakuna kipimo cha uchunguzi cha kawaida kama kile cha mlango wa kizazi, kwa hiyo ajue dalili: uvimbe shingoni usiouma, tonsesi moja kubwa kuliko mwenzake, maumivu ya kumeza yanayopanda sikio la upande mmoja, sauti kukauka zaidi ya wiki tatu.

Binti yetu Nasra alichanjwa chanjo ya HPV shuleni mwaka 2024, dozi moja, bure, kama wasichana wengine wa miaka 9 hadi 14. Mimi nilidhani ni ya kizazi tu. Kumbe aina ya 16 ni ileile, kizazini na kooni. Chanjo haitibu kilichokwisha kuingia, ndiyo maana wanawahi watoto. Nikauliza kuhusu mdogo wake wa kiume. Mpango wa serikali kwetu ni wa wasichana. Australia wavulana wanachanjwa tangu 2013, na kwa roho safi natamani na wetu wafikiwe.

Mkienda, wahini kabla ya saa moja na nusu, mle kidogo, na shida yenu iandikeni kwenye kikaratasi mumpe dada wa mapokezi mkononi. Nilifanya hivyo siku ya kuangaliwa kidonda, akakisoma kimyakimya, akaniambia, "Kaa hapa, mama." Wali wa moto nilianza kuula tena baada ya wiki mbili.