Uzoefu wangu na mswaki laini na dawa ya floridi 1450, kwa matumizi ya huku Mtwara

Mswaki ninaouzungumzia ni wa plastiki wa kawaida, ulioandikwa "Soft", wenye kichwa kidogo cha sentimita 2.5 hivi na nyuzi nyembamba zisizofika milimita 0.2. Dawa ninayoitumia nao ni ile yenye maandishi ya 1450 ppm (sehemu kwa milioni) ya floridi, madini yanayokinga meno kuoza, mgongoni mwa tyubu. Hukumu yangu naitoa mapema: kwa mtu mzima wa Mtwara au Lindi, viwili hivi vinabeba karibu kazi yote ya kinywa. Unga wa mkaa, chumvi ya mawe na dawa za kung'arisha havihitajiki. Ila vyote viwili vina namna yake ya kutumiwa, na hapo ndipo pesa za watu wengi zinapopotea.

Nianze na mswaki. Kwenye maduka ya sokoni na vibanda vya Mikindani, inayojaa ni miswaki ya jero (shilingi 500) na ya buku (shilingi 1,000), mingi yake migumu au ya kati. Wateja wenyewe ndio wanaoitaka, kwa imani kwamba ugumu ndio unaotoa uchafu. Lakini kinachotakiwa kutoka asubuhi na usiku ni utando wa bakteria, mlaini kama ute wa bamia, na huo unatoka kwa kuguswa tu, mradi uguswe kila mahali. Ukisugua kwa nguvu na nyuzi ngumu, ufizi unarudi nyuma na shingo ya jino inabaki wazi. Sehemu hiyo haina enameli, yaani gamba gumu la nje la jino, ya kuikinga, ndiyo maana maji ya friji yanaanza kutia ganzi jino ambalo halina tundu lolote. Tazama kwenye kioo: utaona kijifereji cha manjano kando ya ufizi, hasa kwenye chonge na meno mawili yanayofuata, tena zaidi upande wa kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia, kwa sababu huko ndiko mkono unakokuwa na nguvu. Kijifereji hicho hakijazi tena. Ufizi uliorudi nao haushuki wenyewe.

Maandishi ya "Soft" usiyaamini peke yake. Ukifika nyumbani lowesha nyuzi, kisha zipitishe kwenye ngozi inayozunguka ukucha. Zikichoma, huo si laini, au ncha zake zimekatwa bila kuchongwa mviringo, kasoro ya kawaida kwenye miswaki ya bei ya chini sana. Kama umeshanunua na huna mwingine, uloweke kwenye maji ya moto ya kuoga kwa dakika moja kila kabla ya kuutumia. Nailoni inalegea kidogo.

Kasoro ya mswaki laini ni kwamba nyuzi zake zinalala mapema kwa mtu mwenye mkono mzito. Mswaki unabadilishwa kila baada ya miezi 3. Nyuzi zikitanuka nje ya kichwa kabla ya mwezi wa pili kwisha, tatizo ni nguvu unayotumia. Dawa yake ni kuushika kwa ncha za vidole badala ya kuufumbata kwa kiganja. Kasoro nyingine ni muda: kichwa kidogo kinaingia nyuma ya gego la mwisho, jambo ambalo kichwa kikubwa hakiwezi, lakini kinafunika meno mawili tu kwa mara moja. Anayetaka kumaliza kwa nusu dakika hautamfaa.

Namna ya kupiga ni hii. Nyuzi zilazwe kwenye mpaka wa jino na ufizi kwa pembe ya digrii 45, nusu zikigusa jino na nusu zikigusa ufizi. Tikisa taratibu palepale, mara kumi hivi, kisha sogea meno mawili mbele. Usikwangue kwenda na kurudi kama msumeno unavyokwenda, kwa sababu hapo nyuzi zinaruka juu ya mianya na kuacha utando pale pale unapojificha. Gawa kinywa robo nne, kila robo nusu dakika, jumla dakika 2. Nyuma ya meno ya mbele ya chini simamisha mswaki wima na tumia ncha yake. Kwa magego ya juu, fumba mdomo nusu: shavu linalegea na mswaki unapata nafasi ya kufika mwisho. Watu wengi hufanya kinyume, wanapanua mdomo hadi mwisho, shavu linakaza na gego la mwisho linakosa mswaki miaka nenda rudi. Malizia na ulimi, kutoka nyuma kuja mbele.

Ufizi ukitoa damu siku za mwanzo, usipakwepe. Damu hiyo mara nyingi inatokana na utando uliokaa, na ukiendelea kusafisha kwa upole kila siku inapungua ndani ya wiki moja au mbili. Ikizidi hapo, nenda kliniki ya kinywa na meno, maana huenda kuna ugaga. Ugaga ni utando uliokwisha kuwa jiwe kwa madini ya mate, na ndiyo sababu unapenda nyuma ya meno ya mbele ya chini, karibu na mahali tezi za chini ya ulimi zinapomwagia mate. Mswaki wowote hauutoi, uwe laini uwe mgumu. Unakwanguliwa kwa vifaa na mtaalamu. Kuuparua kwa pini au kisu ni kuumiza enameli na ufizi bure.

Sasa dawa ya meno. Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa ya meno yenye floridi kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021, na kwangu mimi hiki ndicho kitu cha kwanza cha kutazama kwenye tyubu, kabla ya rangi, povu na harufu ya mnanaa. Kinachofaa ni kati ya 1000 na 1500 ppm. Soma na viambato pia. Kama dawa imetengenezwa kwa chokaa, yaani kalsiamu kaboneti, floridi yake iwe ya aina ya monofluorofosfeti, kwa sababu floridi ya sodiamu ikikutana na kalsiamu hiyo inashikwa na haifanyi kazi tena kwenye jino. Hata ile ya monofluorofosfeti hupungua nguvu kadiri tyubu inavyokaa kwenye joto. Kwa joto letu la pwani jambo hili si dogo: tyubu iliyopangwa juani mbele ya duka naiacha, naomba iliyoko ndani, naangalia tarehe ya kwisha na alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania. Tyubu isiyotaja floridi kabisa, hata ikiwa imeandikwa mwarobaini na karafuu, inakupa harufu nzuri lakini haikingi meno kuoza kwa namna inayotegemewa.

Kiasi: mtu mzima anatosha na nusu gramu hivi, mstari wa sentimita moja. Ukipiga mara mbili kwa siku, tyubu ya gramu 100 inakwenda siku 100, karibu sawa na umri wa mswaki wenyewe. Picha za matangazo zenye dawa iliyojaa kichwa kizima zinakufilisi bila faida.

Baada ya kupiga, tema. Usisukutue. Hapa ndipo desturi yetu inapopingana na dawa: tumezoea kusimama uani na kopo la maji, tunasukutua mara tatu nne hadi povu liishe, na sehemu kubwa ya floridi inaishia mchangani. Floridi inahitaji kubaki juu ya jino ili isaidie enameli kurudisha madini yaliyotolewa na asidi ya bakteria. Tema mate na povu mpaka kinywa kitulie, osha midomo, basi. Siku chache za kwanza ladha inasumbua, kisha unazoea.

Kama ni lazima uchague mara moja ya kutokukosa, chagua usiku kabla ya kulala, na baada ya hapo usile wala usinywe chochote isipokuwa maji. Usiku mate yanapungua, na mate ndiyo yanayosuuza asidi. Asubuhi mimi napendekeza kabla ya chai. Msimu wa korosho una mambo yake. Bibo, tunda la mkorosho, lina asidi na lina ule ukakasi unaokausha kinywa. Vivyo hivyo embe mbichi kwa pilipili na ubuyu wa sukari. Baada ya vitu hivyo enameli huwa imelegea kwa muda, kwa hiyo sukutua kwa maji matupu na usubiri angalau nusu saa ndipo upige mswaki. Korosho za kukaanga hazina tatizo kubwa. Kashata za korosho ndizo zinazoganda kwenye mistari ya magego pamoja na sukari yake, na hizo ni bora ziliwe mara moja baada ya mlo kuliko kumung'unywa mchana kutwa.

Kwa Ramadhani, utaratibu unaofaa ni kupiga baada ya daku kabla ya adhana ya Alfajiri, na tena usiku mkishamaliza kula, maana tende zinanata. Mchana mswaki wa mti unafanya kazi nzuri: kata kipande kipya, menya gamba la sentimita moja, tafuna hadi nyuzi zitokeze, na ncha ikishachakaa ikate. Udhaifu wake ni upande wa ndani wa meno na nyuma ya magego, ambako haupindi kufika. Nauona kama msaidizi. Usiku dawa ya floridi ibaki palepale.

Mswaki ukae wima, wazi, mahali penye hewa. Kifuniko cha plastiki katika unyevu wa pwani kinafuga ukungu mweusi kwenye shina la nyuzi. Katikati ya meno mswaki wa kawaida haufiki, hata huu; tumia uzi wa meno mara moja kwa siku, na njiti ya meno isisukumwe kwa nguvu, inapanua ufizi.

Watoto wanatumia dawa hii hii kwa kiasi kingine: chini ya miaka 3, kiasi cha punje ya mchele; miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya njegere. Mkubwa ndiye apake dawa na kusimamia hadi mtoto afike miaka 7 au 8. Karibu na miaka 6 gego la kwanza la kudumu huota nyuma ya meno ya utoto bila jino lolote kung'oka, na wazazi wengi hudhani nalo litadondoka. Likiwa linachomoza bado ni fupi kuliko jirani yake, mswaki uliolala unalipita juu kwa juu. Ingiza mswaki kwa ubavu kutoka upande wa shavu, ukikingama juu ya gego hilo peke yake, na ulisugue mpaka litakapolingana na mengine.