Gremlin au Vega?

Wapenzi wa magari ya zamani Marekani hawaishi kubishana juu ya vigari hivi viwili. Gremlin, ya kampuni ya AMC (American Motors), ilizinduliwa tarehe 1 Aprili 1970, Siku ya Wajinga, na sura yake ilifanana na siku: kama Hornet, gari lingine la AMC, iliyokatwa mkia. Ya bei ya chini kabisa, dola 1,879, haikuwa hata na kiti cha nyuma! Chevrolet Vega ilifuata mwaka huohuo, ghali kidogo, ila yapendeza macho na ni nyepesi kwenye kona.

Kwa injini, Gremlin inashinda: silinda 6 za chuma, pua nzito, inakunywa petroli, lakini haisumbui. Bloku ya aluminiamu ya Vega (mwili wa injini) ikichemka hupinda, kisha inaanza kula oili. Madigadi ya mbele nayo huliwa na kutu.

Unaendesha kila wiki? Gremlin. Una gereji kavu na fundi mvumilivu? Chukua Vega.